Drone ya Shembilu Kwenye Mizani ya Singano

Zama zile sheria ya drone ilikuwa inabadilika mara tatu kabla chai haijapoa, na Muheza alikuwapo Shembilu, mpiga picha za harusi. Sheria ya asubuhi hiyo ilisema drone isiyofika robo kilo iruke bila kibali, ikizidi ichukuliwe. Shembilu alikuwa keshachagua ya gramu mia tatu dukani, maana kamera yake ilimwona hadi chawa wa bwana harusi.

Alhaji Singano, tajiri mnunuzi wa iliki, alikuwa na drone kubwa kama ndama, ina kibali, na harusi zote alizitaka yeye. Akamleta mama mkaguzi wa drone mbio.

"Mama, hiyo imezidi! Mnyang'anye!"

"Haijazidi," alisema Shembilu.

"Ipimwe," alisema mkaguzi.

"Ipimwe kwa Alhaji mwenyewe, mama," alisema Shembilu. "Wilaya nzima nani ana mizani ya haki kumshinda?"

Singano akavimba kwa sifa mpaka vifungo vikalia. "Kwangu hapunjwi hata sisimizi! Twendeni ghalani!"

Drone ikawekwa kwenye mizani ya iliki.

"Gramu mia mbili na arobaini," alisoma mkaguzi.

"Haiwezekani!" Singano aliruka. "Mizani hii inapunguza..."

Wakulima themanini waliopanga foleni na iliki zao wakageuka kwa pamoja.

"Inapunguza nini, Alhaji?" aliuliza Shembilu kwa upole.

Singano akameza mate ndoo nzima.

"Inapunguza ubishi, mama. Iko sawasawa. Drone yake iruke."