Kunguru wa Baba Ezeli

"Nyumba bila dari, mwota moto ni kunguru." Mnacheka? Chekeni, wajukuu wangu, ila kule Makete ilikotoka methali hii kuna mtu hakucheka. Ilizaliwa hivi.

Elikana Tweve, Baba Ezeli, aliondoa nyasi juu ya nyumba yake akaezeka bati, likang'aa hadi ng'ambo ya bonde. Majirani waliohamia bati walipigilia na dari ya mbao chini yake, maana baridi ya Makete haina adabu, huingia bila hodi. Elikana akakataa.

"Mbao za kujificha juu kule, nani atazitazama? Panya?"

Mkewe, Sekela, alisema hadi midomo ikachoka. Kila jioni alirundika kuni, moto ukamuunguza nyusi, na bado mgongo ulikuwa wa barafu. Miti ya miwati waliyoipanda iwe urithi wa watoto ilikuwa inageuka visiki.

"Baba Ezeli, tunachoma urithi."

"Kwani dari inaokotwa?"

Kilichomkera Sekela kupita vyote ni asubuhi za sakitu, umande unapoganda. Mapaa yote kijijini yalikuwa meupe kama yamemwagiwa unga, isipokuwa la kwao. Hilo lilitoa mvuke, na kunguru wamejipanga juu yake, macho wameyafumba kwa raha. Mumewe husimama uani, mikono kiunoni.

"Waone wenye dari! Mapaa yao yameganda. Langu lina joto hadi ndege wanalijua!"

Sekela alitamani kumpiga mwiko.

Kisha mama mzazi wa Elikana akaja kuishi nao. Hakumaliza wiki. Asubuhi moja Sekela alimkuta anafunga mzigo wake, kikohozi kinamtikisa.

"Mama, safari ya wapi?"

"Narudi kwenye kibanda changu cha nyasi, mwanangu."

Elikana akaja mbio. "Mama, watu watanisemaje? Unaikimbia nyumba ya bati? Hebu tazama paa, halina hata chembe ya sakitu!"

Bibi akainua macho. Kunguru mmoja akanyoosha bawa.

"Naona. Elikana, hao kunguru walikunyonyesha?"

"Ah, mama!"

"Basi mbona wao unawaotesha moto, na mimi niliyekuzaa natetemeka huku chini?"

Elikana akatazama paa, akatazama kunguru, akatazama visiki vya miwati.

"Mama Ezeli, hivi yule fundi wa dari yupo?"

"Yupo tangu siku tulipoezeka," Sekela akajibu, akiupokea mzigo wa bibi na kuurudisha ndani.

Dari ilipokwisha kupigiliwa, sakitu iliyofuata ililala juu ya paa la Elikana kama la watu wengine. Kunguru walitua, wakaunguzwa miguu na baridi, wakaondoka wakitukana. Chini, bibi aliota moto kwa kuni kiduchu, blanketi kalitupa pembeni.

Basi mkimwona mtu anaogopa bei ya kitu bila kuiona hasara ya kukikosa, msigombane naye. Mwambieni tu: nyumba bila dari, mwota moto ni kunguru.