Chui Katika Ukumbi wa Vitambaa

Hapo zamani, na si zamani ya mbali sana, maana spika zilikuwepo na betri za gari za kuziendesha zilikuwepo, palikuwa na mji mdogo uitwao Mbwegani. Msitu mbele, msitu nyuma, na barabara moja tu ya kutokea. Watu wa mji huo walipenda muziki kuliko chakula. Ungeweza kumnyima mtu wa Mbwegani ugali akanyamaza, lakini ukimgusa muziki wake umemgusa mboni ya jicho.

Basi mji uligawanyika. Nusu watu wa jazi, nusu watu wa panki. Wa jazi walisema panki ni mabati yanayoanguka. Wa panki walisema jazi ni dawa ya usingizi. Ndoa zilivunjika kwa hayo, majirani walinyimana hata moto wa kuwashia jiko, na mwaka mmoja, siku ya kupiga kura ya wimbo bora, walipigana mpaka mtu akafa. Kisa? Kila mmoja alimpigia kura ndugu yake. Aliangalia uso, hakusikiliza wimbo.

Baada ya mazishi wakatunga sheria. Siku ya kura, wasikilizaji wote, wakubwa kwa wadogo, watafunga vitambaa machoni, masikio peke yake yaamue. Mtasema, jazi na panki nani asiyezitofautisha hata akifunikwa gunia? Kweli. Lakini walau hawakumwona shemeji yao jukwaani. Milango itafungwa. Wimbo wa jazi utapigwa kwa kipimo chake cha muda, wa panki kwa kipimo chake. Anayefunua macho amekosa. Anayepitisha kipimo amekosa. Anayeingilia wimbo wa mwenzake amekosa. Na mkosaji atahama mji siku hiyo hiyo, kwa miguu, kwa barabara ya msituni. Msamaha ulikuwepo, lakini ni mmoja tu kwa mwaka, wa mtu mmoja.

Sasa palikuwa na mwanamke mmoja, Sikudhani, mjane, mpika vitumbua. Huyu alikuwa mtu wa jazi damu damu. Akisikia gitaa la panki aliziba masikio na kuomba Mungu amsitiri. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanaidi, binti ambaye hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Huyo ndiye mume, ndiye mama, ndiye ndugu aliyembakia.

Mwaka huo siku ya kura iliangukia vibaya. Chui alikuwa amenaswa na mtego wa waya, akaukata, akaondoka na jeraha mguuni. Na chui mwenye jeraha hana adabu. Alishaua mbwa, alishamrarua mkata kuni mmoja mgongo mzima. Watu walikuwa wakienda kisimani kwa makundi, na mlango ukilia kidogo kila mtu anashtuka. Sikudhani alitaka kubaki nyumbani. Shoga yake akamwambia, "Dada Siku, chui hapigi kura. Twende." Akaenda, roho haitaki.

Wakaingia ukumbini alasiri, wakakaa mikekani. Bwana Kipande, mwenye ukumbi na mwamuzi, akatia komeo mlango wa mbele. Mlango wa pembeni, ule wa jikoni, ulikuwa na springi, ukisukumwa kutoka nje unafunguka, kisha unajifunga wenyewe. Huo hakuna aliyeutia komeo, maana mpishi alidhani Kipande ametia na Kipande alidhani mpishi ametia. Kipande akaweka saa ya kengele mapajani, akasema, "Fungeni." Wote wakafunga. Yeye mwenyewe akafunga.

Jukwaani walibaki wapigaji tu na macho yao. Upande huu Mzee Ngwali na saksafoni yake, mguu mmoja mbovu, pumzi chache. Upande ule Tabu, mwimbaji wa panki, msichana aliyenyoa kichwa pembeni na kuacha nywele za katikati zimesimama kama miiba ya nungunungu, gitaa limening'inia kiunoni.

Ngwali akaanza. Wimbo ulikuwa laini, na Sikudhani gizani mwa kitambaa chake akatikisa kichwa, akasahau chui, akasahau vitumbua. Halafu akasikia harufu. Harufu ya kidonda, na chini yake harufu nyingine, kali, ya mnyama. Akajiambia ni jikoni, wanachoma nyama. Akanyoosha mkono kumshika Mwanaidi. Mkeka mtupu. Akapapasa kushoto, mkeka mtupu. Akapapasa kulia, akagusa goti la mtu, mtu akaguna.

Kisha manyoya yakampita kwenye wayo.

Polepole, kama mtu anayepita kwa heshima katikati ya waliokaa. Yakapita, yakaisha. Sikudhani akapeleka mkono usoni. Akafunua kitambaa.

Enyi wenzangu, nisimulieje aliyoyaona? Mji mzima umekaa, macho yamefungwa, vichwa vinayumba kwa raha. Mbele, penye nafasi chini ya jukwaa, Mwanaidi amejilaza, amelala usingizi, kidole mdomoni. Na kati ya mtoto na jukwaa amekaa chui. Mguu unavuja damu. Mlango wa jikoni umeshajifunga nyuma yake. Chui anamtazama Ngwali, na Ngwali anamtazama chui, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na bado anapiga. Kila sauti ilipokuwa laini, mkia wa chui ulitulia. Kila Ngwali alipovuta pumzi, mkia ulianza kucheza.

Kengele ya Kipande ikalia. Kipimo kimekwisha. Masikio ya chui yakasimama wima. Ngwali hakuacha. Watu wa panki wakaanza kunong'ona chini ya vitambaa, "Kipimo! Mzee anaiba! Kipimo kimepita!" Ngwali akaendelea, midomo imekauka, sauti imeanza kukatika.

Sikudhani akainuka kwa magoti. Hapa ndipo pabaya. Mtoto wake yuko mbele yake, mlango wa mbele uko nyuma yake. Akimwendea mtoto, atamnyakua, halafu atakimbilia wapi? Kila mahali pamefungwa, naye atakuwa na chui chumba kimoja. Akienda mlangoni, anampa mwanawe kisogo. Akamtazama Mwanaidi. Akageuka, akatambaa kuelekea mlangoni, na kila alipopiga goti moja alisema moyoni, mwanangu nisamehe, mwanangu nisamehe.

Akafika. Akalinyanyua komeo, likalia kidogo, akang'ata mdomo wake. Akasukuma mlango. Mwanga wa jua ukaingia ukumbini mpaka chini ya jukwaa.

Chui akageuka. Akasimama. Akainama, akamnusa Mwanaidi usoni.

Na hapo ndipo pumzi ya Ngwali ilipokatika. Saksafoni ikatoa mlio kama wa kuku aliyekabwa, ikanyamaza.

Tabu akazipiga nyuzi zote kwa pamoja, spika zimefunguliwa mpaka mwisho, akapiga ukelele ambao hata watu wa panki hawakuwahi kuusikia. Kuta zilitetemeka. Chui akaruka juu, akapita juu ya mtoto, akapita juu ya mapaja na vichwa vya watu, akamgonga Sikudhani bega mlangoni, akatoka, akashika barabara ya msituni. Mwanaidi akalia. Ukucha ulikuwa umempita begani, ngozi imefunguka, damu inatoka, lakini yu hai.

Watu wakang'oa vitambaa. Mnadhani waliuliza kuna nini? Walianza na kura!

"Mzee wenu amepitisha kipimo!" wakasema wa panki.

"Na msichana wenu ameingilia wimbo!" wakasema wa jazi.

"Na yule pale mlangoni hana kitambaa!" wakasema wote, wakimwonyesha Sikudhani kwa vidole. Kwa hilo tu ndipo walipopatana.

Hata shoga yake alisema, "Siku, umetutia aibu watu wa jazi."

Ndipo mtu mmoja alipotazama fulana yake akaona alama ya unyayo, nyekundu, ya damu. Wengine walianza kutetemeka wakati hatari imeshapita, na mtu mzima mmoja alitapika. Sikudhani alikuwa ameshamfikia mwanawe, amemkumbatia, anamfunga bega kwa kile kitambaa cha machoni.

Bwana Kipande akawa na kazi. Akasema, "Wakosaji ni watatu, msamaha ni mmoja. Semeni."

Mzee Ngwali akasema kwanza, pumzi bado haijamrudia. "Bwana Kipande, mimi nimepitisha kipimo, sikatai. Lakini mnyama aliingia nikamwona. Ningepiga kelele mngefunua macho, mngekanyagana, naye angewararua mmoja mmoja. Nilimshika kwa wimbo. Bila mimi, mtoto angeliwa kabla mama yake hajafunua kitambaa. Na mguu wangu mnaujua. Barabara ile sifiki hata mtoni."

Tabu akasema, "Mzee, shikamoo, umefanya kazi ya kiume. Lakini ulimtuliza, hukumtoa. Ulikuwa unampigia chui huku mtoto amelala puani pake, na pumzi imekwisha. Ungefanya nini baada ya hapo? Mimi nimeingilia wimbo, sikatai. Bila mimi, yule pua yake ilikuwa usoni mwa mtoto, na baada ya pua ni meno. Na mimi mnanifukuza niende peke yangu, msichana, msituni, wakati aliyeko huko nimemkasirisha mimi?"

"Na damu ya begani ni ya nani?" mtu wa jazi akauliza. "Si kelele zako zilizomrusha?"

"Ni yangu," Tabu akasema, akainamisha kichwa. "Hiyo lawama ni yangu."

Kipande akamgeukia Sikudhani. "Na wewe, mama?"

Sikudhani akasema, sauti haitoki vizuri, "Nimefunua macho, baba, sikatai. Wimbo wa mzee ulimshika, kelele za binti zilimfukuza. Lakini angefukuzwa aende wapi? Mlango ulikuwa umefungwa. Bila mlango, kelele zile zingemzungusha humu ndani juu ya vichwa vyenu mpaka asibaki mtu. Mimi ndiye niliyefungua."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ulimpita mwanao ukaenda mlangoni. Mama gani huyo? Chui angemchukua nyuma yako, ungesema nini leo?"

"Ningesema nini?" Sikudhani akasema, na hapo akalia mbele za watu. "Ningekufa, dada. Unadhani sikujua? Goti kwa goti nilijua. Na mwanga niliouingiza ndio uliomgeuza akamnusa, hilo nalo najua. Mkinifukuza, si mimi peke yangu. Siwezi kumwacha huyu, na siwezi kupita naye barabara ile, bega linavuja damu. Chui anafuata damu."

Kipande akasema, "Basi mji upige kura."

Watu wa jazi wote wakasimama nyuma ya Ngwali. Watu wa panki wote wakasimama nyuma ya Tabu. Nyuma ya Sikudhani hakusimama mtu. Aliyeipenda jazi umri wake wote aliwatazama wenzake wa jazi, nao wakatazama mikeka. Kipande akahesabu, akarudia, pande mbili zikawa sawasawa. Nje, kutoka upande wa barabara, chui akakohoa. Si mbali. Watu wakasogeleana, wa jazi na wa panki, bega kwa bega, na hakuna aliyecheka.

Kipande akafuta uso. Jua lilikuwa linashuka, na sheria ilisema siku hiyo hiyo. Akasema kura zikilingana mwamuzi ndiye huamua, akafungua mdomo, akaufunga tena. Naye, wenzangu, bado hajaufungua, kwa sababu anawangojea ninyi.

Basi amueni, na msiniletee habari ya muziki mnaoupenda. Yuko aliyemtuliza chui mpaka pumzi ikakatika. Yuko aliyemfukuza, chui akamchana mtoto bega. Yuko aliyemfungulia mlango, akampa mwanawe kisogo. Wawili wanatoka sasa hivi, mmoja anabaki. Je, nani anastahili kubaki?