Mji wa Mlimani Unaoitwa Mtumbwini

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mkae kwenye huo ubao. Nikisema "Vuteni", nyinyi mjibu "Twavuta". Vuteni. Mh, hiyo ni sauti ya watu walionyimwa ugali. Vuteni. Haya, sasa tunaweza kwenda.

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi wa bibi yangu alisimuliwa tu, mlima huu haukuwa na nyumba hata moja. Leo mnaona mabati, mnaona shule, mnaona soko la Alhamisi na akina mama wa ndizi wakigombea kivuli. Wakati huo palikuwa na msitu huku juu na maziwa mawili kule chini: Ziwa Nsungu upande linakotoka jua, Ziwa Kiyombo upande linakozama. Wa Nsungu walikaa Nsungu, wa Kiyombo walikaa Kiyombo, na kila upande ulisema samaki wa wenzao wananuka tope. Mimi nimekula wa pande zote. Wote wananuka tope kidogo.

Wageni hutuuliza kila siku: mji uko mlimani, kuteremka hadi majini maharage yanaiva, mbona mnauita Mtumbwini? Wakiwauliza nyinyi, msiwajibu ovyo. Wajibuni hivi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Tusekile, binti wa fundi wa mitumbwi. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha yeye kazi yote, kuanzia kuchagua mti hadi kulainisha ubavu kwa tezo. Mzee alipofariki, tezo ikabaki kwa binti. Watu walimpenda Tusekile, walimsalimia vizuri, walimletea maharage, lakini hakuna aliyemwagiza mtumbwi. Walivuka milima kwenda kwa mafundi wa mbali, wakarudi na mitumbwi iliyovuja kabla mwaka haujaisha. Ilimradi fundi awe na ndevu.

Basi Tusekile akachonga miiko. Akachonga vinu. Akachonga vigoda, akachonga vigoda, mpaka vigoda vikawa vingi kuliko makalio ya kuvikalia. Mnacheka? Yeye hakucheka, maana kila kigoda kilimuuma. Alitaka kuchonga mtumbwi mmoja tu, watu wauone, waseme kweli huyu ni mtoto wa baba yake.

Siku moja akaenda kwa Mzee Mwansasu, mlinzi wa msitu, ambaye bila ruhusa yake hakuna aliyeangusha mti. Akaomba mvule mmoja. Mzee akampa, ila akamkumbusha desturi.

"Mtumbwi sharti unywe maji ya ziwa kabla mvua ya kwanza haijaupiga," akamwambia. "Ukinyeshewa haujanywa, ni mali ya msitu, utaozea hapo ulipo. Na aliyeuchonga hashiki tezo tena, mwanangu, mpaka anaingia kaburini."

Desturi kali, naam. Lakini zamani watu walikuwa wakikata miti kwa majivuno na kuiacha imelala, na bila desturi ile leo tungekuwa tunasimuliana habari za msitu badala ya kuokota kuni ndani yake.

Mti ukaangukia hapa hapa, juu ya mgongo wa mlima, katikati ya maziwa mawili. Tusekile akachonga kiangazi chote. Tezo ikisema ko, ko, ko, ilisikika huku na ilisikika kule, na watu wakaanza kupanda kuja kuchungulia. Akaja Mwakatobe, mkuu wa wavuvi wa Nsungu, akapitisha kiganja ubavuni, akauliza kama mtumbwi ule ungeweza kuwa wao. Tusekile hakuwahi kusikia neno tamu kama lile. Akasema, "Ni wenu." Siku mbili baadaye akaja Mwandemele, mkuu wa wavuvi wa Kiyombo, akauzunguka mara tatu, akasema hata marehemu baba yake hakuwahi kuchonga hivi. Tusekile akasikia moyo umejaa hadi kooni. Akasema, "Ni wenu."

Njaa ya sifa ni mbaya, wajukuu zangu. Mwenye njaa ya chakula akishiba hunawa mikono.

Siku ya kuvuta ikafika, na mawingu nayo yalikuwa yameanza kukusanyana. Wa Nsungu wakapanda na kamba zao za magome, wakafunga mbele. Wa Kiyombo wakapanda na zao, wakafunga nyuma. Kila upande ulipowaona wenzao ulifurahi, ukadhani majirani leo wamekuja kusaidia. Wakateremka na kamba, kila upande mteremko wake, mgongo wa mlima ukawaficha, wakaimba. Vuteni! Twavuta. Vuteni! Twavuta. Mtumbwi haukusogea hata unene wa kidole. Wakasema huyu mama amechonga jiwe. Wakapumzika, wakala viazi, wakavuta tena, na Tusekile amesimama pembeni, anajua kwa nini.

Mwisho Mwakatobe akazunguka kwenda kuwashukuru majirani kwa msaada wao, ndipo akaona kamba inaelekea Kiyombo. Lo, hapo pakawa patamu! Kila mtu akashika kamba yake, hakuna wa kuachia, na kwa kelele zile ndege wakahama miti. Mzee Mwansasu akamwita Tusekile, akamuuliza mbele ya wote alimpa nani mtumbwi.

"Niliwapa wote," akasema Tusekile, machozi yakimtoka. "Hakuna aliyewahi kuutaka mtumbwi wa mkono wangu. Nilishindwa kusema hapana."

"Mshika mbili moja humponyoka," akasema mzee. "Wewe umeshika maziwa mawili."

Ngurumo ikapiga upande wa Nsungu. Harufu ya mvua ikapanda mlimani. Tusekile akaitazama tezo yake kama mtu anayeaga ndugu. Halafu akainua macho, akawaona wanawake wa pande zote mbili wameketi na mitungi. Mlimani hapakuwa na kisima, kwa hiyo walikuwa wamebeba maji ya kuwanywesha wavutaji.

"Dada zangu," akauliza, "maji haya mmeteka wapi?"

"Ziwani," wakajibu. "Sisi letu, na hawa lao."

Akamkumbuka baba yake. Kila mtumbwi, kabla ya kuuteremsha, mzee yule aliujaza maji ndani, kisha akatafuta unyevu kwa chini, akisema usioachia maji kutoka hautayaruhusu kuingia. Tusekile akawaomba wanawake wayamimine. Wanaume wakapiga kelele kwamba wana kiu. Lakini wanawake wale walikuwa wamesonga ugali kwa miiko yake na kutwanga kwa vinu vyake miaka mingi, nao ndio waliokuwa wakichota maji yaliyovujia ndani ya mitumbwi ya mafundi wenye ndevu. Wakainuka. Mtungi wa Nsungu, mtungi wa Kiyombo, mtungi wa Nsungu, mtungi wa Kiyombo, mpaka ukajaa.

Mzee Mwansasu akapiga magoti, akapitisha kiganja chini ya mtumbwi, kutoka mbele mpaka nyuma, polepole. Akakiinua kiganja, kilikuwa kikavu.

"Umekunywa," akasema. "Umekunywa ya pande zote, na haujatema hata tone."

Hapo hapo tone la kwanza la mvua likamwangukia juu ya upara.

Watu walicheka mpaka kamba zikawatoka mikononi. Mzee akaamua mtumbwi ule ubaki pale ulipo, maana umeahidiwa huku na kule, na Tusekile achonge mingine miwili, na wavuvi safari hii wote wafunge kamba upande mmoja. Wakavuta wote ule wa Nsungu, kisha wakavuta wote ule wa Kiyombo. Ndani ya ule wa mlimani wakawa wanaweka samaki hai wa huku na wa kule. Waliokuja kutazama wakabadilishana, waliobadilishana wakajenga kibanda, na ukimuuliza mtu anakwenda wapi anasema, Mtumbwini. Mji wetu ndio huo.

Kwa hiyo anayemwambia kila mtu ndiyo, siku ya kuvuta huvutwa yeye. Na watu wakivuta kila mmoja kwake, hata kitu kizuri hubaki kilipo. Tusekile alilijua hilo, na alishika tezo yake mpaka meno yakamwisha kinywani.

Na mtumbwi? Mwaka baada ya mwaka uliliwa na jua, ukabaki ubavu mmoja tu, ukapewa miguu. Wewe unayejikunjakunja hapo mwisho, pitisha kiganja chini ya huo ubao uliokalia. Polepole. Kukavu?

Basi kamba yangu nimeiachia hapa. Mwenye mikono aivute.