Hodi kwa Bi Mbodze

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, mataifa makubwa yalijenga mitambo ya nyuklia. Yakajenga, yakajisifu. Mtambo mmoja ukaripuka huko mbali, mwingine ukavamiwa na bahari; mataifa yakaogopa, mengine yakazima. Kisha viwanda vikalia njaa ya umeme, na moshi wa makaa ukaichosha dunia. Yakajenga tena, na nchi ambazo hazijawahi kuwa na mtambo zikapanga foleni. Nchi yetu nayo ikapanga foleni. Kidole kikaangukia kijiji cha Mwarunga, kwenye shamba la mjane mmoja, Bi Mbodze.

Shamba hilo lilikuwa na minazi, mikorosho na makaburi mawili, la mumewe na la mwanawe. Wenye mradi walimwahidi shamba jingine mlimani. Watu wa Mwarunga waliutaka umeme kwa hamu, lakini walikubaliana kwamba neno la mwisho ni lake.

Bi Mbodze akasema: "Mimi nyuklia siijui. Kupeleleza nakujua. Nendeni mkapeleleze kama binti yenu anaposwa. Mkirudi mniambie wanaokaa karibu na mtambo wanaishije. Wakiwa na raha nitahama. Wakiwa na kinyongo, nitazikwa hapa hapa na watu wangu."

Kupeleleza posa kwa watu wa Mwarunga kuna miiko. Hutumwa watatu kwa kina bwana harusi. Wasile kitu huko, maana tumbo likishiba ulimi hulegea. Wawaulize majirani, si wenye nyumba. Wakirudi husema mmoja, na wawili huitikia, "Ndivyo." Asiyekubali hunyamaza, na kunyamaza kwake kunavunja posa.

Wakatumwa Mwalimu Ngumbao, mstaafu, Luvuno, mgema, na Sidi, nesi wa zahanati, ambaye Bi Mbodze ni shangazi yake na ndiye aliyemlea. Wakapanda ndege, wakaenda nchi ya mitambo.

Huko wakaandaliwa meza ndefu. Luvuno na Sidi wakamtazama Mwalimu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwalimu akawatazama samaki, akasema hii si posa, ni ziara, na mla ni mla leo. Akala, na wadogo wakala. Alikuwa amekuja na swali kuhusu mabaki yenye sumu, huwekwa wapi. Baada ya kushiba aliona haya kuliuliza. Hata majirani akasema hakuna haja ya kuwasumbua.

Luvuno alikwenda peke yake na mkalimani. Mzee mmoja akamwambia kwamba mtambo haujamdhuru na umeme haukatiki, ila walipohamishwa hakuna aliyemwonyesha makaburi ya wazazi wake yalikopelekwa, na mpaka leo hajui amwombee nani wapi. Luvuno akalifikisha neno hilo kwa wenyeji. Wakamsifu kwa akili yake, wakamvisha kofia ya mtambo. Nanyi mnajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndani ya ndege aliwaambia wenzake kwamba kuna mmoja alilalamika kidogo, mambo ya makaburi.

Sidi alielewa papo hapo kwamba hicho ndicho kinyongo alichokiulizia shangazi yake. Lakini Sidi alikuwa akizalisha wanawake huku ameshika tochi kwa meno, na alimkumbuka mmoja aliyemfia tochi ilipozimika. Basi waliporudi, yeye ndiye aliyesema: "Shangazi, wanaishi vizuri. Umeme haukatiki, na mtambo haujamdhuru mtu."

Mwalimu akaitikia, "Ndivyo." Luvuno naye akaitikia.

Bi Mbodze akahama. Tingatinga likasawazisha shamba kabla hajarudi kuweka alama kwenye makaburi. Akazunguka kwenye udongo mwekundu na ubani wake, akimuuliza dereva mumewe yuko upande gani. Dereva alikuwa mgeni, hakujua. Na mtambo wenyewe ukaahirishwa. Kwingine duniani mitambo inazidi kuwashwa. Mwarunga kuna ua wa seng'enge na nyasi, na Sidi bado anazalisha kwa tochi.

Luvuno akashindwa kulala na siri. Akamwambia mkewe, mkewe akasema kisimani, neno likapanda mlimani. Bi Mbodze hakulia. Akatuma ujumbe: "Sitaki mbuzi wala kanga. Nina nguvu ya kumsamehe mmoja tu. Mwenye kosa kubwa abishe hodi, nimfungulie tuyamalize. Wengine nisiwaone mpaka nife."

Wakaja wote watatu, wakasimama mlangoni wakitazama miguu yao.

Mwalimu akasema: "Mimi ndiye mkubwa. Nilifungua mdomo kula, nikaifunga midomo yenu. Hodi ni yangu."

Luvuno akasema: "Wewe ulikula samaki tu, Mwalimu. Mimi nilisikia kwa masikio haya. Ningenyamaza siku ile, posa ingevunjika."

Sidi akasema: "Alinibeba mgongoni. Nilimtazama machoni, nikachagua maneno."

Akainua mkono abishe. Luvuno akamuuliza taratibu kama anakubali kosa au anawahi msamaha. Sidi akaushusha mkono. Hapo aibu yao ikawa maradufu, kwa sababu wote watatu walijua walikuwa wameanza kugombania msamaha.

Ndani, nyayo zikaja polepole hadi mlangoni, zikasimama. Bi Mbodze alikuwa amewasikia, na mkono wake uko kwenye komeo.

Msitazamane, wenzangu, mlango ni mmoja na kikongwe amechoka kusimama. Je, nani alistahili kubisha hodi?