Udi wa Mwanashungi

Hapo kale, wajukuu zangu, mwili wa mtu haukujua kuvimba. Mwiba ulipochoma goti, vijidudu viliingia kimya kimya, vikala, vikashiba, na mtu akafa goti lake likiwa jembamba na baridi. Askari weupe walikuwapo tele, wakizunguka katika mto wa damu. Lakini hawakuwa na macho wala masikio. Walijua kunusa tu.

Wazee wa mji wa Mwili wakamwandikia agizo Mwanashungi, mkazi wa mtaa wa Goti: ukiona mwiba, washa udi. Wasomi wa leo huliita agizo hilo jeni.

Mwiba ukaja. Mwanashungi akawasha chetezo. Harufu ikashuka hadi mtoni, na kadiri askari walivyokaribia ndivyo ilivyozidi. Wakabomoa ukingo, wakamiminika pamoja na maji. Mtaa ukavimba, ukawa mwekundu, ukapata joto. Kufikia adhuhuri, vijidudu vilikuwa vimekwisha.

Adabu ndiyo iliyowaponza. Katika mji ule, mwenyeji hakuzima udi wageni wakiwa ndani, maana ni kuwafukuza. Na mgeni hakuondoka udi ukiwaka, maana ni kuudharau. Mwanashungi akaongeza makaa. Askari wakaongezeka. Wakiwa na mikuki na hawana adui, wakaanza kuchimba ukuta wa jirani, Bi Gegedu, yule aliyeikinga mifupa isisagane.

"Shoga, zima!" Bi Gegedu alilia. "Nyumba yangu inaisha!"

"Niwaambie nini watu waliotuokoa? Haya, tokeni?"

"Basi waambie mwenzio leo analala nje!"

Mwanashungi akautazama ukuta ukimomonyoka, kisha akamwendea jemadari. "Bwana mkubwa, tumewapenda. Ila nendeni."

Jemadari akacheka. "Bi mkubwa, miguu inatuuma tangu asubuhi. Tulikuwa tukikungoja wewe."

Wazee wakaongeza mstari katika agizo: kazi ikiisha, zima. Lakini nakala nyingine zilikuwa zimekwisha kupelekwa miji ya mbali bila mstari huo.

Na tangu siku hiyo kidonda huvimba, kisha hupoa. Ila wapo watu ambao chetezo chao hakizimwi, na viungo vyao huliwa na walinzi wao wenyewe. Bibi yenu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka kumi na tisa nilimfunga vifungo vya gauni kila asubuhi, naye akilalamika kwamba nina mikono mizito. Alikuwa mkarimu mno. Hata mwili wake haukujua kumwambia mgeni aondoke.