Mpangaji Anachukua Nini?

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit palikuwa na mshonaji wa mahema aliyeitwa Mudriki, mcha Mungu wa maneno machache. Macho yake yalipofifia, mkewe, Allah amrehemu, ndiye aliyekuwa akimtungia uzi sindanoni. Mkewe alipofariki, Mudriki hakushona tena. Aliuza karakana yake akanunua nyumba ndogo ya kupangisha, ili kodi yake imlishe uzeeni.

Jambo moja likamshughulisha. "Hema nikiliuza, mnunuzi huondoka nalo," alimwambia dalali wake, Jundubu. "Nyumba hii itabaki yangu. Sasa mpangaji anachukua nini?"

"Anachukua ufunguo, shekhe!" Jundubu akacheka. "Nawe unachukua kodi. Umeanza lini falsafa?"

Jibu hilo halikumtosha. Akahamia mwenyewe katika nyumba ile kwa mwezi mzima, apate kukijua anachotaka kukipangisha. Alionja maji ya kisima, akasikiliza milango inavyolia, akapapasa kuta baada ya mvua. Hakuona kasoro. Hata adhuhuri moja ya kipupwe akapanda darini, juu ya paa bapa la nyumba, kuota jua, akakaa kula. Mara sauti ikamjia kutoka juu:

"Shekhe, leo mkate bila samli?"

Alikuwa mchukuzi wa nafaka, amechungulia kwenye dirisha la ghala la jirani. Mudriki akacheka naye, kisha akauweka mkate chini. Watu wa mji ule hulala darini miezi yote ya joto, wake kwa waume, na dari lile halikuwa na sitara.

Wiki ileile Jundubu, aliyekwisha kuambiwa na Mudriki habari za dari, akamleta Bi Lubaba, mjane mwenye mabinti wawili. Nyumba ikampendeza, akawa tayari kulipa kodi ya mwaka mzima. Jundubu akamvuta Mudriki pembeni.

"Nyamaza! Kwenye baridi hii nani atauliza habari za dari? Ukimkosa huyu, sikuletei mwingine. Utakula hewa."

Mudriki alikuwa amebakiwa na unga wa siku mbili. Akamgeukia mjane. "Bi Lubaba, darini mnaonekana kutoka ghalani. Joto likija, mtalala ndani kama mko kwenye tanuri. Ni haki yako kulijua hilo kabla hujalipa."

Jundubu akaondoka bila kuaga. Bi Lubaba akapanda darini, akalitazama dirisha la ghala kwa muda mrefu, akashuka.

"Bwana Mudriki, si wewe uliyekuwa ukiwashonea mahujaji mahema?"

"Ni mimi."

"Basi hukuliona hili? Tundika kitambaa cha hema ukuta hadi ukuta, tuone huyo wa ghalani atachungulia nini."

Mudriki akainamisha kichwa. "Mikono ninayo, bibie. Uzi siwezi kuutunga tena."

"Mabinti zangu wana macho," akasema Bi Lubaba, akaupokea ufunguo.

Inasemekana Mudriki alishona kwa siku kumi, mabinti wakimtungia uzi, na joto lilipoingia mjane na mabinti zake walilala darini kwa amani. Tangu hapo hakuuliza tena mpangaji anachukua nini.

Ndugu zangu, mpangaji huchukua usingizi wake na sitara ya watu wake, navyo ni amana mikononi mwa mwenye nyumba. Anayenunua nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, na aanze kwa kulala ndani yake.