Fisi, Sange na Mlango Wenye Pua

Hodi, hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimekuja na mzigo. Niutue?
— Utue!
Ukiwa mzito mtanisaidia?
— Tutakusaidia!
Ukiwa wa uongo?
— Tutaupenda hivyo hivyo!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana mihuri ilikwisha kuwapo, palikuwa na Chuo Kikuu cha Nyika. Chuo kile kilikuwa na lango, bendera, vitivo saba na mlinzi anayelala. Kilikuwa pia na ofisi moja yenye jina refu kuliko korido yake: Ofisi ya Kuhawilisha Teknolojia.

Msiogope jina. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Mwanafunzi akibuni kitu, analeta fomu. Ofisi inakiandikisha kitu kile kwa jina lake, inamtafutia mwenye kiwanda, kitu kinatengenezwa, na mbunifu anapata haki yake. Kazi nzuri kabisa. Ila mkuu wa ofisi alikuwa Fisi.

Fisi alikuwa na taya, tai na mhuri. Taya alizaliwa nalo. Tai alipewa siku aliyoteuliwa. Mhuri aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akala nao, akalala nao, akaoga nao, siku alizooga.

Kitu ambacho Fisi hakuwa nacho ni subira ya kusoma. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Fisi alisoma mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, basi. Halafu alichukua kifutio.

Nyumbu alileta pampu ya maji. Futa-futa-futa, jina la Nyumbu likaondoka. Andika-andika-andika, jina la Fisi likaingia. Mhuri: paa!

Kuchakuro alileta ghala lisiloingiwa na fukusi. Futa-futa-futa. Andika-andika-andika. Paa!

Miaka mitatu ikapita, Fisi akawa mbunifu mkubwa kuliko wote Nyika, naye hajawahi kushika hata bisibisi.

Wakati huo huo mbuzi wa shamba la chuo walikuwa wakipungua. Leo mmoja, kesho kutwa mmoja. Chuo kikaunda kamati ya kuchunguza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Fisi. Kamati ilikutana mara tisa, na kila ikikutana mbuzi mmoja zaidi alipotea.

Sasa mtaniuliza: kama Fisi hasomi, barua nani aliziandika? Michoro nani aliichora? Wenye viwanda nani aliwajibu? Wanafunzi wa fildi, wapendwa. Kila muhula chuo kilipeleka wawili katika ofisi ile, wiki kumi na mbili, wajifunze kazi kwa vitendo. Kila mmoja alikuja na daftari lake. Siku ya mwisho, mkuu wa ofisi huandika maoni, hutia sahihi, hugonga mhuri. Daftari lisilo na mhuri ni kama hukwenda. Unarudia mwaka.

Muhula huo walikuja Sange na Chura. Sange mnamjua: mdogo kama ngumi ya mtoto, miguu ya njiti, pua ndefu isiyotulia. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvuka lango la chuo. Ili alipe ada, kwao waliuza kichuguu. Kichuguu cha pili hakikuwapo.

"Shikamoo, Mkuu," alisema Sange. "Tumekuja kujifunza."

"Marahaba. Jifunzeni chai."

Wiki ya kwanza wakajifunza chai. Wiki ya pili wakajifunza chai. Wiki ya tatu Fisi aliona wana akili nyepesi, akawaongezea maandazi. Barua na michoro walifanya katikati, huku jiko likiwaka.

Wiki ya kumi Sange alimpelekea daftari. Tu-tu-tu-tu, mpaka mezani.

"Mkuu, mhuri wetu tafadhali. Ijumaa ya wiki ya kumi na mbili tunamaliza."

"Mhuri? Hehehee-huu!" Fisi alicheka mpaka tai ikapinda. "Waliokutangulia waliniomba mhuri. Nikawaambia, rudini muhula ujao. Wakarudi, wakaniomba tena. Nikawaambia, rudini. Wewe binti una masomo, hebu nisaidie: nikikugongea, chai atanipikia nani?"

Sange akatoka. Pua ilikuwa imetulia, na hiyo kwa sange ni dalili mbaya.

Siku ile ile akaja Kakakuona, mwanafunzi wa uhandisi, mpole, anayetembea kama anaomba radhi. Alikuwa amebuni kikaushio cha mihogo. Masika yakinyesha wiki nzima, mihogo ya jirani inaota ukungu, ya Kakakuona inakauka, kwa moto wa pumba na bati kuukuu. Miaka miwili ya kazi ile. Mama yake ndiye aliyekula mihogo yote iliyoharibika.

Fisi akapokea fomu. Safari hii hakungoja hata mwenyewe atoke. Futa-futa-futa. Andika-andika-andika. Paa!

"Lakini Mkuu," alisema Kakakuona, "hilo lilikuwa jina langu."

"Ndiyo, lilikuwa. Funga mlango ukitoka."

Kakakuona hakulia. Alifika koridoni, akajikunja, akawa mpira. Chura akamgongea magamba: ko-ko-ko.

"Kaka, toka."

"Sitoki."

"Watu wanajikwaa."

"Wajikwae."

Sange akaketi kando ya mpira ule, kikombe cha Mkuu mkononi.

"Kaka, sikiliza. Umesoma ukurasa wa nne?"

"Nani anasoma ukurasa wa nne?" ilijibu sauti kutoka ndani ya mpira.

Kweli. Tangu fomu ile ichapwe, hakuna aliyefika ukurasa wa nne ila Sange, kwa sababu maji ya chai huchelewa kuchemka na lazima mtu afanye kitu.

"Umeandikwa hivi," alisema Sange. "Mbunifu mwenyewe, na si mwingine, atakijaribu kitu chake mbele ya Baraza la Chuo. Akikataa, amekiri kwamba si chake."

"Kikaushio atakijaribu vizuri tu," alisema Chura. "Kupanga mihogo kwenye bati, hata Fisi anaweza."

"Ndiyo. Kwa hiyo tumpe kitu ambacho hawezi."

Mpira ukafunguka kidogo. Likaonekana jicho moja.

"Kaka," alisema Sange, "una misumari?"

Wiki ya kumi na moja Sange alipeleka chai, na chini ya sahani aliweka fomu. Mstari wa kwanza aliuandika kwa herufi kubwa: MLANGO WA ZIZI LA MBUZI.

Fisi alisoma mpaka neno mbuzi, akameza mate. Glu!

"Cha nani hiki?"

"Cha wanafunzi, Mkuu. Mimi, Chura na Kakakuona."

"Mbuzi wengi?"

"Zizi zima, Mkuu. Lakini ningekuomba usome ukurasa wa pili. Na wa nne."

"Binti, kurasa za nyuma ni za wanafunzi. Sisi wakubwa tunasoma mbele."

"Nimekwambia, Mkuu."

"Umeniambia, nimesikia. Ongeza sukari."

Futa-futa-futa. Andika-andika-andika. Paa!

Ijumaa ya wiki ya kumi na mbili ikafika. Baraza likakaa asubuhi, uwanjani. Kwenye kiti kikuu aliketi Mama Tembo, Makamu Mkuu wa Chuo, miwani puani, mkonga juu ya makabrasha. Katikati ya uwanja ulisimama mlango. Mlango mtupu, fremu yake na bawaba mbili. Juu yake palikuwa na tundu, na kwenye tundu ilichomekwa shingo ya kibuyu, imeelekea chini.

"Ofisi ya Kuhawilisha Teknolojia," alisema Mama Tembo. "Naona hapa, kitu kipya, mbunifu ni mmoja. Fisi."

"Mimi hapa, Mheshimiwa!" Fisi akanyoosha tai. "Ni kazi ya maisha yangu."

"Hongera. Soma maelezo, wewe mdogo."

Sange akasimama juu ya kiti ili aonekane, akasoma ukurasa wa pili. "Mlango huu una pua. Akipita mwenye nia njema, unamwacha. Akipita aliyekula mbuzi wa watu, unamnusa, unambana shingo, na hauachii."

Fisi akageuka polepole.

"Unafanya nini?" alimnong'oneza.

"Unabana, Mkuu. Ni kazi ya maisha yako."

Akaletwa mbuzi. Akapita mlangoni. Bawaba zikalia: kwiii.

"Umemsalimu," alieleza Sange.

Akaletwa Nyumbu. Akapita. Kwiii.

"Umemsalimu."

Mlinzi wa lango naye akaamshwa apite. Kwiii. Akaitikia salamu, akarudi kulala.

"Safi sana," alisema Mama Tembo. "Mimi siingii hapo, lakini roho yangu inapita. Sasa, ukurasa wa nne. Mbunifu mwenyewe, na si mwingine, atakijaribu. Fisi, karibu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Jina ni lako peke yako. Tena naona ulifuta kwa nguvu, karatasi imetoboka."

Fisi akapiga hatua moja. Mlango ukanyamaza. Akapiga hatua ya pili. Kibuyu kilimtazama. Akapiga ya tatu, akihema kwa nguvu, hee-hee-hee, na pumzi yake ikausukuma mlango kidogo.

Kwiii.

Sauti ile ile iliyomsalimu mbuzi. Sauti ile ile iliyomsalimu mlinzi. Lakini Fisi hakusikia salamu.

"Umeninusa!" alipiga kelele. "Uondoeni! Uzibeni pua!"

"Pita, Fisi," alisema Mama Tembo.

"Sipiti! Si wangu!"

"Hapa pana jina la nani?"

"Langu! Lakini nimeliandika tu!"

"Na kwenye kikaushio cha mihogo?"

"Nimeliandika tu!"

"Na pampu? Na ghala?"

"Yote nimeyaandika tu, Mheshimiwa! Mimi sijabuni hata kijiti cha meno! Na mbuzi hawakuwa arobaini, walikuwa thelathini na saba!"

Hakuna aliyekuwa ametaja idadi ya mbuzi.

Mama Tembo akavua miwani. Mkonga wake ukapanda juu, masikio yakafunguka kama matanga, mdomo nao ukafunguka. "Fisi, kuanzia dakika hii, wewe si—"

"Ngoja, Mheshimiwa! Usimalize!"

Tu-tu-tu-tu-tu! Sange alikuwa amekwisha kuvuka uwanja, daftari moja kichwani, jingine mdomoni. Chura nyuma yake, chwa, chwa, chwa.

"Samahani sana, Mama," alisema Sange akihema. "Ukimaliza sentensi hiyo, huyu si mkuu wa ofisi tena. Akiwa si mkuu, mhuri wake haufai. Mhuri usipofaa, sisi tunarudia mwaka. Tunakuomba uishikilie hapo hapo mdomoni, dakika moja tu."

Mama Tembo, ambaye alikuwa amesoma na kujua taabu za mihuri, akaishikilia. Sentensi ile ilibaki mdomoni mwake, shavu moja limevimba.

Sange akamgeukia Fisi. "Mkuu. Mhuri wetu tafadhali."

Fisi alitazama daftari. Alitazama mlango. Upepo ukapita. Kwiii.

"Leteni! Leteni haraka!"

La Sange: maoni, sahihi, paa! La Chura: paa! Chura akalifungua jingine, kumbe alibeba na ya wale waliowatangulia, mihula mitatu ya nyuma. Paa! Paa! Paa! Paa! Paa! Paa! Paa ya mwisho ndiyo iliyokata kamba ya kiatu, mhuri ukaanguka majanini.

"Tayari?" aliuliza Mama Tembo kwa shida.

"Tayari, Mama. Asante."

"—mkuu wa ofisi tena!" Ilitoka kwa kishindo, na Fisi akatoka nayo, mbio, tai begani. Lakini hakupita mlangoni. Aliuzunguka, mbali.

Fyuuu! Uwanja mzima ukapumua. Nyumbu akapumua, Kuchakuro akapumua, na mbuzi waliobaki wakapumua kuliko wote. Kifutio kikafanya kazi mara ya mwisho: futa-futa-futa, jina la Fisi likaondoka. Andika-andika-andika, na kila jina likarudi kwake. Kakakuona alikunjuka mwili mzima, kwa mara ya kwanza tangu wiki ya kumi, na wengi walishangaa kuona kwamba ni mrefu. Siku ile ile mwenye kiwanda alimwita wazungumze habari ya kikaushio. Alikwenda na mama yake, ambaye alisema mihogo ya kuonja sasa wataonja wengine.

Mama Tembo aliusogelea mlango, akakishika kibuyu.

"Niambie, mdogo. Hii pua inafanyaje kazi?"

Sange akatazama miguu yake. "Haifanyi kazi, Mama. Ni mlango wa banda la kuku la zamani. Bawaba zina kutu. Bado tuko kwenye utafiti."

"Haifanyi kazi?" Mama Tembo akacheka mpaka viti vikasogea. "Kamati imekaa mara tisa haikuona mwizi. Mlango umesimama nusu saa. Uandikisheni!"

Jioni Sange alirudi kwao, akaketi mbele ya kichuguu kilichobaki cha jirani, akafungua daftari. Mhuri upo. Sahihi ipo. Tarehe ipo. Mama yake akausugua mhuri kwa kidole kuona kama unatoka. Haukutoka.

"Na hapa chini, kwenye maoni, amekuandikia nini?"

Sange akasoma. Fisi alikuwa ameandika kwa haraka, herufi zinatetemeka, lakini kwa mara ya kwanza kazini mwake alikuwa ameandika ukweli mtupu:

"Anasoma mno."

Na funzo lake je? Lipo, maana ngano isiyo na funzo haigongewi mhuri. Wanafunzi wangu, mkienda fildi, tiini wakuu wenu. Msiulize maswali. Ukurasa wa nne msiuguse kabisa, ni wa wakubwa. Jifunzeni chai, chai ndiyo elimu.

Mzigo nimeutua. Mmeuona?
— Tumeuona!
Ulikuwa wa uongo?
— Kidogo tu!
Basi mnaobisha, pale mlangoni pana fomu. Jazeni, na pua itawasalimu.
— Kwiii!